Jedwali, Mstari na Ubeti: Miswada ya Kiajemi ya Hadithi Arobaini na Deni la Uhakiki wa Kiswahili kwa Ukurasa

Ikisiri

Makala haya yanaisoma miswada iliyonakshiwa ya Hadithi Arobaini za Abdurrahman Jami (1414–1492) kama kazi ambayo mpangilio wa ukurasa wake ni sehemu ya maana yake. Kutokana na usomaji huo yanarejea kwenye miswada ya tendi za Kiswahili, na kudai kwamba baadhi ya istilahi za arudhi tunazofundishia zilizaliwa na kitabu kilichopigwa chapa. Mregho wa Wachaga unaletwa kama kielelezo cha kulinganishia, na mipaka ya ulinganisho huo inaoneshwa.

1.0 Somo lililokwenda upande

Muhula uliopita niliwaonesha wanafunzi wangu wa uzamili hapa Moshi picha ya ukurasa mmoja wa mswada wa Kiajemi. Ulikuwa ukurasa wa Hadithi Arobaini za Jami: mstari wa Kiarabu juu, kwa hati nene, chini yake beti mbili za Kiajemi, kwa hati nyembamba ambayo maneno yake huteremka kidogo kuelekea kushoto, pande zote mbili za beti hizo visanduku vilivyojazwa maua ya buluu na dhahabu, na kuzunguka yote hayo, fremu ya mistari ya rangi. Niliwapa swali moja: ukurasa huu unasema nini?

Wawili waliosoma madrasa mjini waliusoma mstari wa Kiarabu papo hapo, na mmoja wao aliukamilisha kwa kichwa kabla jicho halijaufikia mwisho. Wengine, waliokulia Kibosho, Marangu na Machame katika nyumba za Kikatoliki na za Kilutheri, walisubiri tafsiri. Hakuna aliyeitaja dhahabu. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwa adabu kwamba dhahabu ni pambo tu, nasi tuko kwenye somo la fasihi.

Jibu hilo lilikuwa langu mwenyewe likinirudia. Ndivyo nilivyowafundisha kwa miaka mingi, na ndivyo nilivyofanya katika tasnifu yangu ya uzamivu, iliyohusu mofolojia ya kitenzi katika tendi za kale. Matini nilizotumia zilikuwa zimekwisha kunukuliwa kwa hati za Kirumi na kupangwa mstari chini ya mstari. Mara chache nilizoshika nakala ya mswada wenyewe, niliishika ili kuhakikisha irabu. Baada ya hapo niliirudisha kwenye bahasha yake bila kuitazama.

Makala haya ni jaribio la kuitazama. Naanza na Jami kwa sababu ukurasa wake unasema kwa sauti kubwa jambo ambalo kurasa zetu husema kwa mnong'ono.

2.0 Hadithi arobaini na namna zinavyokaa

Neno lenyewe linahitaji tahadhari. Kwa msomaji wa Kiswahili, hadithi ni kisa: kina wahusika, mwanzo na mwisho. Katika makala haya neno hili lina maana yake ya kidini, yaani kauli iliyopokewa kutoka kwa Mtume, na nyingi kati ya arobaini za Jami ni fupi kuliko methali. Ni semi. Mhakiki anayezikabili kwa zana za nadharia ya usimulizi atarudi mikono mitupu.

Kukusanya hadithi arobaini ni mapokeo ya karne nyingi. Msingi wake ni kauli, nayo inanasibishwa na Mtume, inayomwahidi fadhila mtu atakayewahifadhia watu wake hadithi arobaini. Nawawi (1233–1277), mwanachuoni wa Sham ambaye mkusanyo wake ndio unaojulikana zaidi katika madrasa za Afrika Mashariki, anakiri katika dibaji yake kwamba wataalamu wa hadithi wanaihesabu kauli hiyo kuwa dhaifu. Hata hivyo anaendelea kukusanya. Na anakusanya arobaini na mbili. Napenda ziada hiyo ya mbili: inaonesha kwamba "arobaini" ni jina la utanzu kabla ya kuwa hesabu, kama vile "Alfu Lela Ulela" isivyodai kuhesabiwa usiku kwa usiku.

Jami aliutunga mkusanyo wake mwaka 886 wa Hijria, sawa na 1481, huko Herat, enzi ya Sultan Husayn Bayqara. Kila kauli ya Kiarabu aliifuatishia kipande cha beti mbili za Kiajemi. Kazi hiyo huitwa pia tarjama, na hapa Kiswahili kinatusaidia kwa bahati. Katika Kiarabu, tarjama ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na tafsiri ni kufafanua maana, hasa ya Kurani. Sisi tumelichukua neno la pili tukalifanya lifanye kazi ya yote mawili: kwetu mfasiri wa riwaya na mfasiri wa Kurani wanaitwa kwa jina moja. Walimu wa taaluma ya tafsiri hulalamikia utata huu kila mwaka. Lakini ndio utata unaomfaa Jami. Beti zake mbili huichukua kauli, huitanua, huitafutia mfano, na mara nyingi humgeukia msomaji na kumwambia afanye nini. Ni tafsiri kwa maana zote mbili za neno hilo, na sijui lugha nyingine ninayoisoma ambayo neno lake la kawaida lingeieleza vizuri hivyo.

Niseme wazi kwamba zikisomwa peke yake, beti hizi hazimpandishi Jami. Aliyetunga Yusuf na Zulaykha alikuwa na uwezo mkubwa kuliko unaoonekana hapa. Lugha ni nyepesi, mifano ni ya kawaida, na baada ya kauli ya ishirini mtu anaanza kubashiri mgeuko wa ubeti wa pili. Mhakiki anayefanya kazi na matini iliyopigwa chapa atasema, na atakuwa na haki, kwamba hizi ni beti za kufundishia watoto. Tathmini yangu ilibadilika pale tu nilipozirudisha beti hizo kwenye ukurasa.

Tazama mpangilio unaorudiwa katika nakala nyingi zilizoandikwa na makatibu wakubwa. Kauli ya Kiarabu inachukua upana wote wa ukurasa, kwa hati ya naskhi au thuluthi. Beti za Kiajemi zimeandikwa kwa nastaliki, ndogo zaidi, nazo hazifiki kwenye kingo. Upungufu huo wa upana, upande wa kulia na wa kushoto, ndio unaotiwa visanduku vya maua na dhahabu. Kwa hiyo nakshi imekaa mahali mahususi: pale ambapo lugha ya pili inaishia kabla ya lugha ya kwanza. Imejaza pengo lililo kati ya kauli na jibu lake. Pengo hilo lingeweza kuzibwa kwa njia nyingine. Katibu angeweza kuinenepesha nastaliki, au kuongeza ubeti wa tatu. Hakufanya hivyo. Ameacha Kiajemi kiwe kifupi, na ufupi wake ameupa thamani ya dhahabu.

Hapo ndipo wepesi wa beti unapopata sababu. Msomaji anasoma Kiarabu, polepole, kwa sauti au moyoni, maana ni kauli ya kuhifadhiwa. Jicho linashuka. Linapita kwenye rangi kabla ya kulifikia neno la Kiajemi, na likimaliza linakutana na rangi tena. Beti nzito zenye tashbihi za kukaa na kufumbua zingeuvunja mwendo huo. Anayesoma kauli moja kwa siku kwa muda wa siku arobaini halalamiki kwamba mgeuko wa ubeti wa pili unabashirika. Huenda ndio anaoungoja.

3.0 Maneno ya karakana

Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kusimama. Fremu ya mistari inayozunguka maandishi katika mswada wa Kiajemi huitwa kwa neno ambalo sisi tunalitamka jedwali, na kulikuwa na fundi ambaye kazi yake ilikuwa kuichora fremu hiyo tu. Katika Kiarabu neno hilo lilianza na maana ya kijito, mfereji mdogo wa maji. Pambo la kichwani mwa ukurasa wa kwanza, lenye jina la kitabu ndani yake, ni anwani. Ubao uliotandazwa nyuzi, ambao karatasi ilikandamizwa juu yake ili ipate alama za kuandikia, ni neno lile lile lililotupa mstari. Kidau cha wino ni dawati. Maandishi mazuri ya mkono ni hati. Na rangi tumeipata kutoka Kiajemi chenyewe.

Tumeishi na karakana nzima ya kitabu ndani ya kamusi yetu bila kuitambua. Jedwali limehamia kwenye takwimu, dawati limekuwa meza ya mwanafunzi, hati imekwenda kwa mwanasheria, na anwani imekwenda posta, ingawa kamusi bado zinaitambua maana yake ya jina la kitabu.

Nisieleweke vibaya. Orodha ya maneno ya mkopo haithibitishi kwamba kulikuwa na karakana. Neno linaweza kuingia kwa mlango wa forodha, wa mahakama au wa darasa la hesabu, na mengi ya haya ni maneno ya Kiarabu yaliyotumika katika ulimwengu wote wa Kiislamu. Hayabebi muhuri wa Uajemi. Wala sitaki kufufua ule mjadala wa Washirazi kwa kupitia mlango wa nyuma wa msamiati. Maandishi ya Kizimkazi Dimbani, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa kwa hati ya kikufi iliyotiwa maua, yanatosha kutuonesha kwamba pwani ilijua mapema kwamba neno la dini linaweza kuandikwa liwe maandishi na nakshi kwa pamoja. Nani alimfundisha nani ni swali la wanahistoria. Langu ni dogo zaidi: kwa nini lugha yenye maneno yote haya ina uhakiki usioyatumia?

4.0 Ubeti ulipokuwa mstari

Pwani yetu haikukosa vitabu vilivyonakshiwa. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa na makatibu walionakili Kurani katika karne ya 18 na ya 19 kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Digby (1975) aliandika kuhusu nakala moja ya pwani hii, J. de V. Allen (1981) alieleza utengenezaji wa vitabu vya Waswahili, na Hirji, katika tafiti zake na katika mkusanyo aliouhariri (2019), ameziweka Kurani za Siyu mahali pake katika historia ya kitabu cha Kiislamu Afrika. Dhahabu ya Herat haipo. Lililopo ni uwezo wa kufanya rangi tatu zitoshe, na ukurasa unaojua mahali pa kuziweka.

Lakini hao ni wanahistoria wa sanaa na wa dini. Sisi wa fasihi tumefanya nini? Katika mswada wa Hamziya, tafsiri ya kasida ya al-Busiri iliyofanywa na Sayyid Aidarus wa Pate, Kiarabu na Kiswahili vinakaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, ubeti kwa ubeti. Ni mpangilio wa Jami: kauli na jibu, lugha mbili katika fremu moja. Hata hivyo nimeona tahakiki nyingi za Hamziya zinazokitoa Kiswahili peke yake na kushangaa kwamba baadhi ya beti zake ni ngumu mno kueleweka. Zilitungwa zisomwe zikiwa na Kiarabu juu yake. Anayeliondoa paa asilaumu nyumba kwa kuvuja.

Kwa tendi, hasara yetu ni kubwa zaidi, kwa sababu imeingia kwenye istilahi. Tunawafundisha wanafunzi tangu sekondari kwamba ubeti wa utendi una mishororo minne yenye mizani nane kila mmoja, na kwamba mshororo wa nne una kina chake kinachorudiwa utungo mzima, kinachoitwa kina cha bahari. Katika miswada mingi kwa hati za Kiarabu ubeti huo umeandikwa kwenye mstari mmoja. Vipande vyake vinne vimetenganishwa kwa vialama, mara nyingi vyenye umbo la pambo na rangi tofauti na ya wino wa maneno. Kina cha bahari kinakaa ukingoni kushoto, kimoja chini ya kingine, kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Anayeutazama ukurasa huo hana haja ya kuelezwa bahari ni nini, anaiona.

Sasa rudi kwenye neno ubeti. Katika Kiarabu na Kiajemi, bait ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Katika Kiswahili tunaambiwa ni kifungu cha mistari, na tofauti hiyo kwa kawaida huelezwa kuwa neno limebadilika maana lilipokopwa. Nadhani, kwa upande wa tendi angalau, badiliko hilo kwa sehemu kubwa ni la mpiga chapa. Kwa katibu wa Lamu au Pate ubeti wa utendi ulikuwa mstari mmoja, wenye kina kimoja mwishoni, kama ubeti wa kasida. Ulipata "mishororo minne" pale ulipohamishiwa kwenye hati za Kirumi, kwenye kitabu chembamba kisichoweza kubeba mizani thelathini na mbili kwa upana. Wapo waliokwisha kuugusa ufanano wa utendi na kasida, na sidai ugunduzi. Ninalodai ni kwamba tunaendelea kuhesabu mishororo kana kwamba mtunzi alihesabu hivyo, na kwamba mjadala wetu mrefu kuhusu mshororo na kipande ungefupishwa sana na nusu saa mbele ya mswada. (Shairi la mizani kumi na sita lina historia yake, na silihukumu hapa.)

Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ingepaswa kutuzuia kufikia hapa. Muhamadi Kijuma wa Lamu alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na katibu. Aliwanakilia tendi Werner, Hichens na Dammann, na mkusanyo wa Miehe na Vierke (2010) unatuonesha upana wa kazi yake. Mkono uliochonga nakshi kwenye mbao ndio ulioandika ubeti kwenye karatasi. Tunamtaja Kijuma kama chanzo cha matini, katika tanbihi, kama mtu anavyomtaja mpiga chapa. Ukimtazama kama mchongaji unaanza kujiuliza kwa nini kialama hiki kimewekwa hapa na si pale, na swali hilo ni la arudhi kabisa.

5.0 Mregho

Mwanafunzi mmoja kutoka Old Moshi, aliyekuwa kimya muda wote wa somo lile, aliuliza mwishoni kama mregho nao ungehesabiwa. Nilimjibu haraka kwamba mregho si maandishi. Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile, na nusu yake naifuta.

Mregho ni fimbo iliyochongwa alama, iliyotumiwa na Wachaga katika mafunzo ya jando. Mwalimu alifuata alama kwa mpangilio wake, na kila alama ilikuwa na fundisho lake, lililotolewa kwa kauli fupi na kwa wimbo. Raum aliieleza katika kitabu chake cha 1940 kuhusu utoto wa Wachaga, na Moore (1976) aliirejelea katika uchambuzi wake wa siri ya wanaume. Mafundisho yenyewe yaliandikwa kwa wingi na Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi, katika juzuu tatu zilizotoka kati ya 1932 na 1938.

Tofauti na ukurasa wa Jami ni kubwa, na sitaificha ili ulinganisho upendeze. Alama za mregho hazibebi neno. Asiyefundishwa hawezi kuzisoma, na aliyefundishwa anakumbuka zaidi kuliko anavyosoma. Hata hivyo, kazi ya alama hizo na kazi ya visanduku vya dhahabu zinakutana mahali pamoja: zinamlazimisha mpokeaji asimame kati ya kauli na kauli. Zinafanya semi ziwe mfululizo bila kuzifanya ziwe kisa. Gutmann alihifadhi maneno, na kwa hilo wajukuu wa wale walimu wana deni kwake. Kusimama hakukuhifadhika. Katika juzuu zake fundisho linafuata fundisho kwa aya, na msomaji anachoka ukurasa wa thelathini, kama nilivyochoka na Jami wa kupigwa chapa. Fimbo ikiwa mkononi hakuna ukurasa wa thelathini.

Kwa hiyo ninapomwambia mwanafunzi kwamba mregho si maandishi, nasema kweli kwa maana ya isimu. Ninapolitumia jibu hilo kuutoa mregho nje ya somo la fasihi, ninarudia kosa lile lile la kuiita dhahabu pambo.

6.0 Tunaiitaje?

Katalogi ya J.W.T. Allen ya 1970, ya miswada iliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam, ilitupa orodha ya kazi na wenye kazi. Hatua iliyopaswa kufuata, ya kueleza kila ukurasa unavyokaa, imefanywa kwa miswada michache sana. Sasa picha za miswada zinapatikana kwa urahisi kuliko wakati wowote, na bado tasnifu ninazotahini huanza na sentensi ileile: "Matini imenukuliwa kwa hati za Kirumi." Tangu muhula huu ninadai ukurasa mmoja wa maelezo kabla ya sentensi hiyo. Ubeti umechukua mistari mingapi? Vialama vina umbo gani, na rangi gani? Kina cha bahari kiko wapi? Jedwali lipo? Wenzangu wawili wameniambia kwamba hayo ni mambo ya makumbusho, na kwamba muda wa uzamili ni mfupi. Hoja ya muda naikubali.

Lipo pia tatizo la istilahi. Waarabu na Waajemi wana neno moja kwa kazi ya kunakshi kitabu, lililotokana na dhahabu. Sisi tungeweza kusema utiaji dhahabu, lakini Siyu haikuwa na dhahabu, nasi hatuna sababu ya kuupima ukurasa wa Siyu kwa kile ambacho hakikuwemo. Nakshi inafaa, ila imebeba mlango, kanzu na chungu kwa pamoja. Tarizi ni ya sindano. Mwanafunzi wa Old Moshi alipendekeza tuseme tu kuchonga ukurasa, akimfikiria Kijuma, na nadhani akiifikiria fimbo pia. Darasa lilicheka kidogo. Sijaridhika na neno hilo, kwa kuwa wino hauchongi. Lakini wiki mbili baadaye niliwasikia wakilitumia kwenye varanda, bila kucheka.